Injini ya Pikipiki Kwenye Gari Langu

Kilema, Jumamosi jioni

Mwanangu Rozi,

Sanduku lako nimelizungushia kamba kwa sababu ile zipu siiamini, na kiroba cha ndizi za kupeleka kwa mjomba wako kipo mlangoni. Mambo ya kuamka mapema, kusali na kutunza vyeti sitayaandika hapa. Umeyasikia kwangu tangu ulipovaa sare ya darasa la kwanza, na kama hayajakuingia mpaka leo, karatasi haitayaingiza.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilosema Jumapili iliyopita. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori. Ulikuwa umetoka kuongea na mjomba wako Kalisti kwa simu, juu ya chumba atakachokupa kwake Arusha ukianza chuo, na ulikuwa na furaha. Ukaniambia, "Mama, kumbe uliacha kuendesha lile gari kwa sababu uliogopa. Mjomba ameniambia. Anasema ndiyo maana aliitoa injini, usije ukajiua."

Mimi nikaendelea kumenya. Ukadhani nimekubali, ukaanza habari nyingine. Ukweli ni kwamba kama ningefungua mdomo wakati ule ningelia, na wewe ungefikiri nalia kwa sababu unaondoka.

Lile gari unalijua kama bodi kuukuu lililo nyuma ya zizi, ambalo kuku hutagia ndani yake. Kila Krismasi mjomba wako analifanyia mzaha, na wewe umekuwa ukicheka pamoja naye tangu ukiwa mdogo. Nilikuacha ucheke. Leo nitakueleza lilivyokuwa.

Miguu yangu umeikuta hivi ilivyo. Nilipata polio kabla sijaanza shule. Bibi yako alinibeba mgongoni kwenda shule ya misheni mpaka nikawa mzito na mgongo wake ukakataa. Hapo ndipo Kalisti alipoingia. Ni mdogo wangu, na siku hizo alikuwa hata mikono ya toroli haishiki vizuri. Alichukua toroli la kubebea samadi, akalisugua kwa majivu, akatandika majani makavu ya migomba, akanisukuma. Ule mlima wa kutoka mtoni unaujua. Alikuwa anafika juu shati limelowa, anakaa juani kwanza alikaushe ili mwalimu asimfokee. Mvulana mmoja alipoanza kuniita samadi, Kalisti alimng'oa jino, akachapwa viboko mbele ya shule nzima, na jioni akanisukuma kurudi nyumbani akiwa hawezi kukaa. Nataka ujue kwanza nilimpenda mtu wa namna gani.

Masista walinifundisha kushona kwa cherehani cha mkono. Kwa kazi hiyo nilikutana na baba yako, utingo wa lori, aliyeniletea suruali zake kutia viraka. Tulipanga chumba Kiboriloni, na humo ndimo ulimozaliwa. Baba yako alipofariki ulikuwa hujaanza kutembea. Tukarudi huku juu kwenye kihamba cha babu yako, shamba la ukoo, lakini kibanda changu cha ushonaji kilibaki kule sokoni Kiboriloni. Biashara zilikuwa zimeshafunguliwa, mitumba ilikuwa inamwagika kila upande, na watu walitaka mtu wa kuwapunguzia suruali za Wazungu na kuwageuzia makoti. Kazi nilikuwa nayo. Tatizo lilikuwa kufika.

Kila asubuhi ilikuwa hivi: babu yako ananibeba mpaka barabarani, tunasubiri pikapu, na wanaume nisiowajua wananishika kwapani na mapajani kunipandisha nyuma. Wengine walikuwa na heshima. Wengine walichukua muda zaidi ya uliohitajika. Nilijifunza kutazama mlima na kufikiria mambo mengine. Sijawahi kukuambia hilo, na leo nalisema mara moja tu, ili uelewe lile gari lilikuwa nini kwangu.

Kalisti wakati huo alikuwa msaidizi kwenye karakana ya chuo kimoja cha ufundi hapo Moshi. Palikuwa na mwalimu wa Kizungu aliyeagiza gari kutoka kwao likiwa vipande vipande ndani ya makreti. Kwao, Kalisti alinieleza, kuna watu wananunua gari namna hiyo, kama mtu anayenunua kitambaa akajishonee mwenyewe. Unaletewa fremu ya chuma, bodi jepesi la faiba, usukani, viti viwili na karatasi za maelekezo. Injini unajitafutia. Mwalimu yule alikuwa hajafika hata nusu ya kuliunga mkataba wake ukaisha. Akamwachia Kalisti makreti yote.

Kalisti aliyaleta huku kwa trekta, akayapanga bandani karibu na ng'ombe. Babu yako akamwuliza anataka kufuga jini gani. Kalisti akaja akachuchumaa mbele yangu pale nilipokuwa nashona, mikono ina grisi, akaniambia, "Dada, pikipiki inaendeshwa kwa nini?"

"Kwa petroli," nikasema.

"Kwa mikono. Mafuta mkono wa kulia, klachi mkono wa kushoto. Ni gia tu na breki ya nyuma ndivyo vya mguu, na hivyo naweza kuvihamisha. Nikiweka injini ya pikipiki kwenye lile gari, utaendesha mwenyewe."

Nilimwangalia nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Injini tuliipata palepale Kiboriloni, kwa mwuzaji wa vyuma chakavu aliyekuwa na pikipiki kubwa iliyopata ajali. Fremu ilikuwa imejikunja, tangi limebonyea, lakini injini haikuguswa. Mwuzaji aliapa kwa watakatifu wote. Kalisti hakumsikiliza. Alifungua plagi, akaziba tundu lake kwa kidole gumba, akamwambia yule bwana apige kiki. Kidole kikarushwa nje kwa pumzi ya injini. Akarudia, kikarushwa tena. Akanigeukia akitabasamu, nami nikafungua pindo la khanga nikatoa fedha nilizozishonea. Ilikuwa fedha yangu, Rozi, yote. Kalisti alitoa kazi yake na akili yake, na wala sidharau hilo. Lakini ile injini niliinunua mimi.

Kuiunga kulichukua masika yote. Injini ya gari hukaa kwa adabu mahali pake; hii ilitetemeka mpaka meno yangu yakagongana, hadi Kalisti alipoikalisha juu ya vipande vya mpira wa tairi. Ilikuwa imezoea kupozwa na upepo wa barabarani, na humo ndani ya bodi hapakuwa na upepo, basi akatoboa matundu ubavuni na kutengeneza mfereji wa bati la debe wa kuiletea hewa. Mnyororo uliopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ulikatika siku ya kwanza, ukapiga ukuta wa banda na kumtia ng'ombe wazimu. Kiki ya kuwashia aliiungia bomba refu lililotokea karibu na kiti, nikawa naivuta kwa mkono. Mikono yangu unaijua. Miaka ya magongo na cherehani imeifanya ifae kazi hiyo.

Kitu kimoja alishindwa. Pikipiki haina rivasi, na gari lile halikuwa nayo. Nikiingia mahali ni lazima nijue nitatokea wapi.

Siku ya kwanza niliyoliendesha peke yangu nilienda Misa. Nilishuka mteremko wote nimeshikwa na hofu, ndiyo, mikono ikatoa jasho usukani ukawa unateleza. Nilipofika uwanja wa kanisa nilizunguka bustani ya maua ya Paroko mara mbili kwa sababu sikuwa na uhakika wa kusimama. Baada ya Misa vijana wa kwaya wakalishika nyuma, wakalinyanyua kama meza, wakaligeuza lielekee nyumbani. Kutoka hapo ikawa kazi yao ya kila Jumapili, na waligombania.

Nikaanza kwenda nalo kazini. Kupanda kurudi ilinibidi nisimame katikati ya mlima injini ipoe, na pale nilifahamiana na mama mmoja muuza parachichi. Tukawa marafiki kwa sababu ya moto wa injini. Siku moja kule chini kwenye lami askari wa barabarani akanisimamisha. Akalizunguka gari, akainama, akasikiliza.

"Mama, hili ni gari au ni pikipiki?"

"Ni gari, afande. Lakini injini ni ya pikipiki."

"Namba iko wapi?"

"Bado halina."

Akafikiri. "Haya, rudi nyuma kidogo uegeshe pembeni, tuongee."

"Halirudi nyuma, afande."

Akanitazama, akatazama magongo yangu kwenye kiti cha pili, na wewe uliyekuwa umefungwa kwa khanga juu yake unakula muwa. Mwishowe yeye na mwuza magazeti mmoja ndio waliolisukuma pembeni. Aliniambia nisiingie nalo mjini kati, na kwamba mtoto avae kofia, nikaahidi yote mawili.

Wewe hukumbuki. Mimi nakumbuka siku niliyochelewa kibandani kwa sababu nilisimama njiani kununua mchicha, kisha nikasimama tena kuangalia tu watu wanaochuma kahawa. Sikuwa nimechelewa mahali popote kwa kutaka mwenyewe maishani mwangu. Siku zote nilifika walipofika walionibeba.

Kisha ukaumwa. Nimonia. Kifua chako kilikuwa kinaingia ndani kila ukivuta pumzi. Kalisti alikuwepo nyumbani; siku hizo alikuwa ameacha kazi ya karakana na maneno yake yote yalikuwa ya Mererani, mashimo, mawe ya bluu, fulani aliyeenda na kandambili akarudi na gari. Lakini alipokuona ulivyo aliacha yote. Alitupeleka hospitali kwa lile gari, mimi nimekupakata, yeye anapita mabonde kama wazimu. Akanibeba mpaka wodini. Akaniambia, "Gari nalirudisha nyumbani lisinyeshewe. Mkiruhusiwa leteni habari, nitakuja."

Ulipopata nafuu na daktari akaturuhusu, nilimtuma mwuza maziwa apeleke habari asubuhi. Nikakufunga khanga, tukatoka kukaa kwenye benchi la nje. Kila pikipiki iliyopita barabarani nilinyanyua kichwa. Wewe ulilala, ukaamka, ukauliza mjomba yuko wapi, nikasema anakuja. Ukalala tena. Jua likahama likaja upande wetu, likatuunguza, likapita. Nesi mmoja akatuletea uji. Nilianza kuogopa kwamba Kalisti amepinduka nalo, na nikasali Rozari nzima kwa ajili yake.

Jioni, dereva wa gari la kubeba kahawa alituonea huruma. Walinipandisha juu ya magunia. Nyumbani nikaliona gari bandani, limefunikwa na majani ya migomba, zima kabisa. Nilifurahi kwanza. Nikafikiri, kumbe hakupinduka, labda anaumwa tu. Nikakuacha kwa babu yako, nikajikokota mpaka kwenye gari, nikapanda kitini. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kuisikia injini tu. Nikalivuta lile bomba la kuwashia. Lilikuja jepesi mkononi, halikushika kitu.

Nilifungua mfuniko. Palikuwa na shimo. Bolti za kukalishia zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake na kukazwa kwa vidole. Mpira wa mafuta ulikuwa umefungwa ncha kwa kipande cha kitenge changu, kimefungwa vizuri, fundo la kufunguka. Mwizi hakai akafunga mpira wa mafuta. Nilijua papo hapo.

Bibi yako alikuwa uani anakata majani ya ng'ombe.

"Mama, injini iko wapi?"

Hakuacha kukata. "Kalisti ameenda nayo Mererani. Wana shimo, yeye na wenzake. Chini hakuna hewa. Wataifunga kwenye mashine iwasukumie hewa."

"Atairudisha lini?"

"Wakipata jiwe."

"Na mimi?"

Hapo panga likasimama. "Tulikaa," akasema. "Mimi, baba yako na baba zako wadogo. Tukaona Kalisti ni mwanaume, anaanza maisha, na hana cha kuanzia. Wewe upo nyumbani. Chakula hukosi."

"Mlikaa lini?"

"Mlipokuwa hospitali."

"Na mwuza maziwa alipoleta habari leo, hakuna aliyekuja."

"Tuliona heri ukute imeshakwisha." Akaweka panga chini, akaja akanishika bega. "Usihuzunike. Nitakubeba mimi, kama zamani."

Alikuwa ameshaanza kutembea ameshika kiuno. Nilimtazama yule mama aliyenibeba utotoni mwangu wote, na nikaona kwamba kweli anamaanisha, angejaribu. Hakuona kosa lolote. Kwao miguu yangu ilikuwa kitu cha ziada, kama redio, ambacho familia inaweza kumwazima mtu mwenye shida zaidi. Mwizi ningemlaani. Hawa walikuwa watu wangu, walikuwa wamekaa chini kwa utulivu, wakanipima na mdogo wangu, nami nikawa mwepesi.

Sikulia mbele yao. Mwezi uliofuata kibanda changu cha Kiboriloni kilichukuliwa na mtu mwingine, kwa kuwa sikufika. Tangu hapo nimeshonea hapa nyumbani, kama unavyonijua.

Habari zilikuja kwamba injini imekufa shimoni, imejaa vumbi, na kwamba Kalisti anaomba radhi. Nililipokea hilo. Injini hufa. Nilimwombea, hata nikamtumia soksi za kufuma kwa sababu walisema shimoni kuna baridi. Miaka kadhaa ilipita, yeye akapata jiwe, akanunua mabasi madogo Arusha, akaoa, akajenga. Ndipo akaja hapa kijana mmoja wa Mwika, anaitwa Eliasi, kupunguziwa suruali ya harusi. Kwenye mazungumzo akasema aliwahi kuchimba Mererani, shimo moja na Kalisti.

"Poleni na ile injini iliyowafia," nikasema.

"Injini gani?"

"Ya pikipiki. Ya kusukuma hewa."

"Ile haikufa, mama. Ile ilikuwa injini kweli. Ilituweka hai mule chini. Kalisti alipopata jiwe akaiuza kwa watu wa shimo la jirani, akaondoka. Labda mpaka leo inafanya kazi."

Nilishona mguu mmoja wa suruali yake juu ya mwingine, ikabidi nifumue. Unaona, Rozi, mpaka siku ile nilikuwa nimejitengenezea sababu. Kijana maskini, shimo halina hewa, angefanya nini. Lakini alipopata jiwe hakuwa maskini tena, na injini ilikuwa nzima, na njia ya kutoka Mererani mpaka hapa ni ya siku moja. Angeweza kuipakia kwenye gari akaniletea. Aliiuza, kisha akatuma watu waniambie imekufa, na mimi nikamfumia soksi.

Ulikuwa darasa la tano Kalisti alipoleta jani la sale, la kuombea msamaha. Unaikumbuka Krismasi ile kwa sababu ya baiskeli aliyokupa. Kuna jambo hukuliona, maana mlikuwa mnaendesha nje. Baada ya chakula, babu zako wadogo wamekaa na pombe yao ya mbege, Kalisti akasimama mbele yangu ameshika jani lililofungwa fundo. Unajua kwetu jani hilo likitolewa ni lazima lipokelewe. Kulikataa ni kama kumwombea mtu kifo. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Dada, kama kuna mahali nimekukosea, naomba unisamehe."

Nikamwuliza, "Mahali gani?"

Akalisogeza jani karibu yangu. Baba mdogo mmoja akakohoa, akasema, "Felista, sale imeshatolewa. Hapaulizwi tena."

Nililipokea. Watu wakapiga makofi, mbege ikazungushwa. Sijui kama kulipokea ndiko kulikokuwa kosa langu. Nadhani kosa langu ni kwamba baada ya pale nilinyamaza kabisa, nikifikiri kunyamaza ni sehemu ya kusamehe. Nilimpa msamaha wa kitu ambacho hakukitaja, naye akaondoka nao, na kwa kuwa kitu hakikutajwa akawa huru kukitengeneza upya anavyotaka. Kwanza gari likawa mzaha. Kisha mimi nikawa mwoga. Ningeuliza mara ya pili siku ile, hata kwa aibu, usingeyasikia yale maneno Jumapili iliyopita kwenye simu.

Jana ulipoenda Kiboriloni kuwaaga wenzako nilimpigia.

"Kalisti, mimi nilikuwa naogopa nini?"

Akasema, "Dada, hayo ni maneno ya watoto."

"Mtoto ameyatoa kwako."

Nilisikia anafunga mlango, nadhani alikuwa na watu. "Ulitaka nimwambie nini?" akasema. "Anakuja kuishi kwangu, atakula meza moja na wanangu. Nimwambie kwamba nilikuibia?"

Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake. Nilikuwa nimelingoja muda mrefu kiasi kwamba lilipokuja sikujua la kulifanya. Nikamwuliza lile lililobaki.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Kwa sababu nilijua ungekataa."

Nimelifikiria usiku kucha. Labda ningekataa. Labda ningempa, kwa ajili ya toroli na lile jino. Sijui, na sasa hakuna atakayejua, kwa sababu hawakunipa nafasi ya kuwa mtu aliyekataa wala mtu aliyetoa.

Sasa sikia nilichofanya mimi. Nilikuwa na hasira, nikamwambia, "Jumapili utakapokuja kumchukua Rozi, uingie ndani, ukae, umweleze mwenyewe mbele yangu. Usipotaka kusema, usije."

Akasema, "Na chuo chake je, dada?"

Nikasema, "Tutaona." Akakata simu. Hajapiga tena.

Nilikaa na simu mkononi nikijiona nimeshinda. Ilinichukua muda kuona nilichokifanya. Chumba ni chako, chuo ni chako, mjomba ni wako, na nimeviweka vyote mezani wewe ukiwa Kiboriloni unaaga marafiki. Nimekaa kikao bila wewe, kama walivyonikalia mimi.

Kwa hiyo nakuuliza sasa, kabla hajafika. Kama unataka mjomba wako aje aseme, liache lilivyo, na tungoje. Asipokuja, nimeshaongea na Masista; wana hosteli ya wasichana pale Arusha, ni chumba cha watu wanne na choo cha nje, lakini kitanda kipo. Na kama hutaki kuanza maisha yako kwa kikao cha namna hiyo, niambie, nitampigia asubuhi nimwambie aje tu, nitampikia chai na hakuna litakalosemwa. Hutakuwa umenikosea. Ulikuwa mtoto kwenye benchi lile. Deni hili si lako.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia ili usiondoke bila kuisoma. Ukishamaliza, njoo jikoni uniambie unavyotaka. Mimi nitakuwa nimekaa pale, na sitampigia mtu yeyote mpaka nikusikie.

Mama yako,
Felista